Kula mimea tu Moshi na migombani: mwongozo kwa msafiri

Msafiri asiyekula nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali hana sababu ya kulala njaa Moshi. Mji umezungukwa na chakula cha shambani: mchele wa tambarare za chini, mahindi na maharage, ndizi, magimbi na maparachichi ya mlimani. Kinachomkwamisha ni namna chakula kinavyoungwa. Maharage yanaweza kuwa na samli, mchicha ukawa umetiwa maziwa, ndizi zikawa zimechemshwa kwa supu ya mifupa, na kwa macho vyote vikaonekana mboga tupu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, uliza: "Kimeungwa na nini?"

Tabu hii haiko Moshi peke yake. Nchini Japani, supu nyingi zinazoonekana za mboga huanzia kwenye mchuzi wa samaki mkavu uitwao dashi, na msafiri asiyeuliza hula samaki bila kujua. Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyeacha mazao ya wanyama kwa imani, kwa mfungo wa Kwaresima, kwa ushauri wa daktari au kwa hiari yake. Ni kwa mama lishe na wapishi pia, maana mgeni wa namna hii atafika mezani kwao.

Anza sokoni

Soko Kuu na Soko la Mbuyuni ndiyo mahali pa kuujulia msimu. Nunua vinavyolika bila kupikwa: parachichi, ndizi kisukari, machungwa, karoti, karanga za kukaanga. Ukipata chumba chenye jiko, chukua ndizi mshare za kupika, mnafu, nyanya chungu na maharage au choroko. Choroko huiva haraka kuliko maharage, hivyo humfaa msafiri. Kwenye miteremko kuna masoko kama Marangu Mtoni na Mwika, yenye siku maalumu za gulio. Muulize mwenyeji ni siku gani, na uwahi asubuhi.

Neema hii inatoka kwenye kihamba, shamba linaloizunguka nyumba ya Mchagga. Humo migomba huchanganywa na kahawa, magimbi, viazi vikuu na maharage chini ya miti mirefu, na maji huletwa kwa mifereji iitwayo mifongo. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Lakini kihamba hicho hicho kina zizi. Ng'ombe hukatiwa majani akiwa bandani, samadi yake hurudi kwenye migomba, na maziwa yake hayako mbali na jiko. Ndiyo maana mlimani mboga na maziwa vimezoeana chunguni.

Kwa mama lishe

Hapa ndipo utakapokula vizuri na kwa bei nafuu. Wali maharage, ugali maharage na mchicha, chapati maharage: vyote vinaweza kuwa vya mimea tupu. Fika kabla ya saa sita, watu hawajajaa na mpishi ana nafasi ya kukusikiliza. Salamu kwanza, kisha maswali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu mwanangu."

"Asante mama. Maharage ya leo umeyaunga na nini?"

"Kitunguu, nyanya na nazi."

"Na mchicha?"

"Huo nimeutia maziwa kidogo."

Sasa unajua: maharage ndiyo, mchicha hapana. Omba kachumbari badala yake.

Baki macho sahani inapopakuliwa. Wali unawekwa, maharage yanafuata, mboga pembeni, kisha upawa unachota mchuzi wa nyama na kuumwagia wali juu. Mpishi anakufanyia wema, kwa kuwa anaona umeagiza chakula kikavu. Ukisubiri sahani ifike mezani, umechelewa. Sema mapema: "Mama, naomba usiniwekee mchuzi wa nyama."

Vitaje vyote usivyokula. Ukisema tu kwamba huli nyama, utaulizwa kama uletewe kuku au samaki, kwa kuwa wengi wakitaja nyama wanamaanisha ya ng'ombe au mbuzi. Sentensi hii inatosha: "Sili nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa wala samli, naomba kilichopikwa kwa mafuta ya alizeti au nazi." Uliza pia kuhusu viungo vya paketi, kwa kuwa baadhi vina ladha au mafuta ya nyama.

Vyakula vya Kichagga

Mtori na machalari vinatokana na ndizi, lakini vyote viwili kwa desturi hupikwa na nyama. Mtori huweza kuongezwa maziwa au samli, na ndicho chakula mashuhuri cha mama aliyejifungua. Usiagize bakuli la mtori ukitegemea kuichambua nyama, maana ladha yake yote ni ya supu. Kisusio kiache kabisa, kwa kuwa kina damu.

Kiburu ndicho kitakachokufaa zaidi. Ni ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja hadi vikashikana, na kikipikwa bila mafuta ya ng'ombe ni mlo kamili. Uliza samli tu. Makande, yanayopendwa sana na jirani zetu Wapare, ni mahindi na maharage. Mengine huungwa kwa nazi, mengine kwa maziwa. Magimbi na viazi vikuu vya kuchemsha huliwa na chai ya rangi asubuhi. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, bila kitu cha mnyama, ila ni pombe.

Vitafunwa na migahawa

Barabarani kuna mahindi ya kuchoma, mihogo, ndizi mzuzu za kuchoma na karanga. Vitumbua vya mchele na nazi mara nyingi ni salama. Maandazi na chapati huweza kukandwa kwa maziwa au mayai, kwa hiyo uliza. Bagia za kunde au dengu ni nzuri, ila angalia karai: mafuta yaliyokaangia samaki au kuku ndiyo hayo hayo yanayokaangia chipsi na bagia.

Kwenye migahawa ya Kihindi hutahitaji kujieleza sana, maana kutokula nyama kunaeleweka humo. Dengu, viazi na bamia vipo. Kinachobaki kuulizia ni samli, mtindi na jibini. Wasabato nao, ambao misheni yao ilianza Upareni mwaka 1903, wamo wasiokula nyama kabisa. Ukiwa na mwenyeji Msabato, muulize anakula wapi.

Ukipanda mlima

Safari ya kwenda Uhuru, kilele cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, huandaliwa na kampuni, na chakula hununuliwa mjini kabla ya kuondoka. Ukishapita geti la Marangu au Machame hakuna soko. Andika orodha ya usivyokula na uipeleke kwa kampuni mapema, kisha siku ya kuondoka zungumza na mpishi mwenyewe, kwa sababu ujumbe wa ofisini haufiki jikoni kila mara. Kifungua kinywa cha mlimani mara nyingi huwa na mayai na soseji, na supu ya unga wa paketi huweza kuwa na maziwa.

Jambo la maharage lishughulikie ukiwa bado chini. Kwenye kambi ya Horombo, mita 3,720, maji huchemka kwa takriban nyuzi joto 88 badala ya 100. Yanachemka mbele ya macho, lakini maharage makavu hayaivi kwa wakati wa kawaida, na yaliyoiva nusu huumiza tumbo. Mpishi achague dengu zilizokobolewa na kupasuliwa, au apande na maharage ya kopo. Wewe beba karanga, siagi ya karanga na matunda makavu. Huko juu hamu ya kula hupungua, nawe unahitaji nguvu, kwa hiyo kula kidogo kidogo mara nyingi. Wapagazi ndio watakaobeba mzigo wote huo. Mkubaliane vizuri kabla ya safari, msianze kulaumiana kambini.

Ukialikwa nyumbani

Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, nyama ndiyo heshima ya mgeni. Usingoje mpaka sahani ikufikie mkononi. Piga simu siku moja kabla, mweleze mwenyeji sababu yako kwa upole, na upeleke kitu: parachichi, matunda au mboga ya kupikwa. Ukifika, kaa na wenzako na ule ulichoomba kwa furaha. Mwenyeji aliyejulishwa mapema hukuandalia. Aliyeshtukizwa huona umemkataa yeye.

Usisahau afya

Anayekula mimea tu kwa muda mrefu anahitaji vitamini B12 ya vidonge au ya vyakula vilivyoongezewa, kwa kuwa mimea haitoi ya kutegemewa. Ongea na mhudumu wa afya, hasa ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Maharage pamoja na wali au ugali hukupa protini nzuri. Kamulia ndimu kwenye mboga za majani ili mwili unyonye madini ya chuma, na chai inywe saa moja baada ya mlo kwa kuwa huyazuia.

Kwa mama lishe na wenye migahawa, nina ombi moja: wekeni chungu kimoja cha maharage na kimoja cha mboga bila samli, maziwa wala supu, na mwenye kuhitaji maziwa aongezewe kwenye sahani yake. Hakuna gharama mpya hapo, na mgeni wa mimea atakuwa mteja wenu. Nawe msafiri, salimia, uliza chakula kimeungwa na nini, na ukila vizuri, rudi hapo hapo kesho.