Abiria aliyeumia arudi hospitali

Gari na baiskeli zikigongana, watu wote humkimbilia mwenye baiskeli. Ni haki yake, kwa kuwa hana hata bati la kumkinga. Lakini huku Mabawe, kama kwingi wilayani Ngara, abiria naye mara nyingi hana bati hilo. Amesimama nyuma ya pikapu, au ameketi juu ya magunia kwenye Fuso. Baiskeli iliyosheheni mikungu ya ndizi inateremka mlima kwenye njia ya shambani, breki hazishiki, dereva anakata usukani, na aliyekuwa juu ya magunia anajikuta chini. Hospitalini anasafishwa kidonda, anapewa dawa ya maumivu na kuambiwa arudi baada ya wiki mbili. Maumivu yakipungua, harudi.

Tarehe ile iliyoandikwa kwenye cheti ni sehemu ya tiba, sawa na vidonge alivyopewa.

Tuanze na kichwa, maana ndicho kinachoua kimyakimya. Aliyegonga kichwa asilale peke yake siku mbili za mwanzo. Akitapika tena na tena, akisinzia kupita kawaida, akichanganya maneno, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, au kichwa kikizidi kuuma badala ya kupoa, apelekwe hospitali usiku huohuo. Kwa wazee hatari huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu damu inaweza kuvujia taratibu chini ya fuvu na dalili zikaonekana baada ya wiki kadhaa. Mzee anaanza kusahau, anapepesuka, anakojoa bila kujijua, na nyumbani wanasema ni uzee, au pombe ya ndizi, au amerogwa. Mwelezeni daktari kwamba alianguka kwenye gari, hata kama ni mwezi uliopita. Na pombe aiache kabisa, kwani huficha dalili na kuzidisha hatari ya kuvuja damu.

Tumbo nalo lina yake. Kwetu malaria ni ya siku nyingi, na bandama iliyovimba kwa malaria hupasuka kirahisi kuliko iliyo nzima. Inaweza kuchanika kidogo siku ya ajali, kisha ikaachia damu siku kadhaa baadaye. Maumivu ya ubavu wa kushoto yanayopanda hadi begani, kizunguzungu, jasho la baridi na weupe wa midomo ni dharura. Mama mjamzito aliyerushwa garini apimwe hata kama hana mchubuko. Akitokwa na damu au maji, tumbo likikaza, au mtoto akipunguza kucheza, asingoje tarehe ya kliniki.

Aliyefungwa hogo, yaani plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, aangalie vidole vyake. Vikivimba sana, vikipoa, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi ingawa amemeza dawa, hogo linabana. Arudi saa hiyohiyo, kwani misuli huweza kufa ndani ya saa chache. Asilikate mwenyewe wala asiliroweshe. Jambo ninaloliomba sana ni hili: usikandwe mahali palipovunjika. Kukandwa kwa nguvu kwa maji ya moto, au kufungwa vijiti vya kubana, kumewaachia watu mikono iliyopinda na viungo visivyokunjika. Kwa mtu mzima, mfupa wa mkono huchukua takribani wiki sita kushika na wa mguu wiki kumi na mbili au zaidi. Picha ya eksirei ya wiki ya kwanza au ya pili huonyesha kama mfupa umehama, wakati bado ni rahisi kuurudisha.

Kidonda kilichoingia udongo kinahitaji kinga ya pepopunda. Ambaye hajawahi kuchanjwa hupewa sindano ya kwanza siku ya ajali, ya pili baada ya wiki nne, na ya tatu miezi sita au zaidi baada ya hapo. Wengi huishia ya kwanza.

Nauli ndiyo kikwazo kikubwa, na haifai kumlaumu mtu asiye nayo. Kabla ya kuruhusiwa, muulize daktari ni yapi yanayoweza kufanyika kwenye zahanati ya karibu. Kusafisha kidonda na kutoa nyuzi hakukulazimu kwenda hospitali za Nyamiaga, Murgwanza au Rulenge ikiwa una maelezo yaliyoandikwa. Omba eksirei na kumwona daktari vipangwe siku moja. Aliyepewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, sasa havuki kwa kivuko, kwani daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Abebe picha zote za zamani, la sivyo atapigwa nyingine na kuzilipia.

Ajali imetokea shambani au uwanja wa soko? Bado fomu ya polisi ya PF3 inahitajika. Mgonjwa akiwa na hali mbaya, atangulie hospitali, na ndugu aende polisi. Kwenye PF3 paandikwe mahali halisi pa ajali, na hospitali iandike vivyo hivyo, kwa sababu maelezo yanayopishana huharibu madai ya bima. Chukua namba ya gari na ya bima yake. Kibarua aliyekuwa akipelekwa kazini amwambie mwajiri mapema, ili suala lifike Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kesi ya madai ya kuumizwa kwa uzembe ina ukomo wa miaka mitatu, na kila cheti cha marudio ni ushahidi wa namna ulivyoumia.

Kama tarehe imeshapita, nenda hivyohivyo. Beba cheti chako cha kwanza, na usione haya kusema ulikosa nauli.