Sheria Iliyosahauliwa

Kila mji mkubwa una baraza lake. Baraza hutunza njia, maji, masoko na taa. Na tena huwaangalia watu wakaao pamoja mjini, ili mwenye nguvu asimdhulumu mnyonge. Kwa hiyo hupewa uwezo wa kutunga sheria za mji. Sheria hizo huitwa ndogo, lakini hugusa mambo ya kila siku: nyumba apangayo mtu, kazi aombayo, na meza aketipo kula. Habari hii ni ya mji wa Washington, mji mkuu wa Marekani.

Mwaka 1865 vita ya wenyewe kwa wenyewe ilikwisha katika nchi ile, na utumwa ukakomeshwa. Lakini uhuru wa karatasi haukufungua milango yote. Wenye nyumba za chakula wengi waliwakataa watu weusi, ijapokuwa walikuja na fedha zao mkononi. Basi mwaka 1872, na tena mwaka 1873, baraza la Washington likatunga sheria ya kuwa mwenye nyumba ya chakula asimkatae mtu ye yote mwenye adabu njema kwa sababu ya rangi yake. Avunjaye sheria atozwe dola 100, na leseni yake iondolewe mwaka mzima.

Tazama nguvu ya sheria hii. Tajiri aweza kulipa dola 100 asione uchungu. Lakini akifungiwa biashara mwaka mzima, hasara yake ni kubwa. Tena leseni yatoka mkononi mwa mji, na aliyeitoa aweza kuitwaa.

Mwaka 1874 bunge la Marekani likaliondoa baraza lile. Miaka ikapita, wakubwa wakaacha kuzitumia sheria zile. Hata zilipokusanywa sheria za mji katika kitabu kipya, hizo hazikutiwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna aliyezifuta, lakini watu walizisahau, na milango ikafungwa tena.

Katika mji huo alikaa mwalimu mmoja, Mary Church Terrell. Alizaliwa mwaka 1863. Baba yake na mama yake walikuwa wamepata kuwa watumwa. Yeye alisoma sana, akafundisha shuleni, akawa mmoja wa wasimamizi wa shule za Washington. Sheria zile za kale zilipovumbuliwa, alikuwa mzee, lakini hakusema, "Kazi yangu imekwisha." Alikubali kuwa mkuu wa kamati ya watu waliotaka zitumiwe.

Mwezi wa Januari 1950, akiwa na umri wa miaka 86, aliingia pamoja na wenzake katika nyumba ya chakula iitwayo Thompson. Walikuwa weusi watatu na mweupe mmoja. Wakaambiwa ya kuwa weusi hawauziwi chakula pale. Hawakugombana wala hawakutukana. Mwezi wa Februari wakarudi, wakakataliwa tena; ndipo wakaandika ushuhuda wao kwa kiapo, na serikali ya mji ikamshitaki mwenye nyumba ile.

Shauri lilichukua miaka mitatu. Hakimu wa kwanza alisema ya kuwa sheria zile zimekwisha kufa. Mahakama ya pili ikasema ile ya mwaka 1873 ingali hai. Ya tatu ikawarudisha nyuma tena, mahakimu watano wakishinda wanne. Wakati huo Bibi Terrell hakukaa nyumbani kungoja. Alitembea kwa mkongojo katika baridi, mbele ya maduka yaliyokataa kuwaandalia weusi chakula.

Tarehe 8 Juni 1953 Mahakama Kuu ya Marekani ikatoa hukumu. Mahakimu wanane waliosikiliza shauri hilo walikuwa wa neno moja: baraza lilikuwa na uwezo wa kutunga sheria ile, na sheria haifi kwa kuwa wakubwa wameacha kuitumia. Baada ya siku chache Bibi Terrell na wenzake wakarudi katika nyumba ile ile, wakaandaliwa chakula. Mwaka uliofuata akafariki, umri wake miaka 90.

Baadaye mji ukapata tena baraza lililochaguliwa na wenyeji, nalo likatunga sheria ya haki za binadamu ya mwaka 1977. Sheria hiyo yakataza ubaguzi si mezani tu, bali katika kazi, nyumba na shule pia. Na mtu aliyebaguliwa aweza kupeleka shitaka lake katika ofisi ya mji iliyowekwa kwa kazi hiyo.

Basi sheria njema yataka watu watatu: wa kuitunga, wa kuitumia, na wa kuikumbuka. Akikosekana mmoja, sheria hulala kama jembe lililoachwa darini.

MASWALI
1. Kwa nini mwenye biashara huogopa kunyang'anywa leseni kuliko kulipa faini?
2. Sheria za mwaka 1872 na 1873 zilisahauliwaje?
3. Kwa nini Bibi Terrell na wenzake walirudi mara ya pili mwezi wa Februari?
4. Eleza kwa maneno yako hukumu ya Mahakama Kuu.