SOMO LA KIARABU: VITENZI VINAVYOMRUDIA MTENDAJI



Ndugu wanafunzi, na nyinyi wazazi wetu wa hapa Mpanda, somo letu la leo limetokana na kosa dogo. Mwanafunzi mmoja alisimama darasani kueleza habari zake kwa Kiarabu. Alitaka kusema, "Nilijifunza Qur'an." Akasema, "Allamtul-Qur'an." Wenzake walinyamaza, maana nao hawakuliona kosa. Kumbe amesema, "Nilifundisha Qur'an"! Amekuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanafunzi. Hatumlaumu, kwani nasi tulipoanza tuliteleza hapo hapo.

Chanzo ni nini? Katika Kiswahili, tendo likimrudia mtendaji mwenyewe tunatia -ji-: nilijifunza, ulijifunza, alijifunza. Mtendaji hubadilika, -ji- haibadiliki. Mwanafunzi huitafuta -ji- hiyo katika Kiarabu, asiione, akakiacha kitenzi kama kilivyo.

Kiarabu kina njia zake. Tujifunze mbili.

Njia ya kwanza: umbo la kitenzi hubadilika.

Allama (alifundisha) – taallama (alijifunza)
Twahhara (alitwaharisha) – tatwahhara (alijitwaharisha)
Ghasala (aliosha) – ightasala (alioga)

Kisha mwisho wa kitenzi humfuata mtendaji:

taallamtu – nilijifunza
taallamta – ulijifunza (mwanamume)
taallamti – ulijifunza (mwanamke)
taallama – alijifunza (mwanamume)
taallamat – alijifunza (mwanamke)
taallamnaa – tulijifunza

Njia ya pili: huongezwa neno nafs, nalo humfuata mtendaji.

lumtu nafsii – nilijilaumu
lumta nafsaka – ulijilaumu (mwanamume)
laama nafsahu – alijilaumu (mwanamume)

Tahadhari! Si kila ta- ya Kiarabu ina maana ya -ji-. Takallama ni "alizungumza", wala hakuna aliyejifanyia jambo. Hata Kiswahili ni hivyo hivyo: ji ya kujibu ni sehemu ya neno lenyewe. Basi kila kitenzi kihifadhiwe pamoja na maana yake.

ZOEZI. Sema kwa Kiarabu:
1. Ulijifunza (mwanamke).
2. Nilijitwaharisha.
3. Tulijitwaharisha.

Wazazi, hata asiyejua Kiarabu anaweza kusaidia. Mwambieni mtoto asome orodha hizi kwa sauti baada ya Magharibi, kisha afunge gazeti aseme kwa moyo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tujifunze kwanza, ndipo tufundishe. Amin.

Wabillahi tawfiq.