Dondoo muhimu: Waranti ya gari la umeme ng'ambo ya Mto Ruvuma

Waranti ya gari la umeme kwa kawaida huishia katika nchi au kanda lilikouzwa. Kabla ya kuvuka kutoka Mtwara kwenda Msumbiji, zingatia haya:

• Soma kipengele cha mipaka. Waranti ya betri mara nyingi ni miaka 8 au kilomita 160,000, lakini gari lililotumika Japani likaagizwa huku aghalabu haliji na waranti hiyo.

• Dai jibu la maandishi. Muulize muuzaji: gari likizimika Palma au Mocímboa da Praia huko Msumbiji, nani atalipia kulivuta hadi Tanzania?

• Chagua njia kwa makini. Pantoni ya Kilambo iko karibu, ila inapofanya kazi hutegemea maji kujaa na kupwa. Daraja la Umoja la Mtambaswala, lililofunguliwa 2010, liko mbali lakini ni la uhakika zaidi. Usilipitishe gari kwenye maji ya chumvi. Betri ikiingia maji, waranti nyingi hazilipi.

• Bima si waranti. Bima ya magari ya Kadi ya Njano ya COMESA haitumiki Msumbiji. Kata bima ya nchi hiyo mpakani, na upate kibali cha forodha cha kuingiza gari kwa muda.

• Jaza chaji mapema. Soketi za Msumbiji si kama zetu. Beba adapta imara, na upige hesabu ya chaji ya kurudi.

• Ulizia usalama. Mkoa wa Cabo Delgado, upande wa Msumbiji, umekuwa na mashambulizi tangu 2017. Pata taarifa kwa maofisa wa mpakani kabla ya safari.