KICHEFUCHEFU CHA DAWA ZA SARATANI

Wananchi wa Bukoba na Muleba wanaopelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa matibabu ya saratani wanaarifiwa wasikatize tiba kwa kuhofia kutapika. Baadhi ya dawa za saratani huyafanya matumbo yatoe serotonini, kemikali inayoamsha mishipa ya fahamu ipelekayo ubongoni ishara ya kutapika. Ondansetroni huizuia kemikali hiyo isiiguse mishipa. Ndiyo maana hutolewa kabla ya dawa ya saratani, si baada ya mgonjwa kutaabika. Huenda ikaleta maumivu ya kichwa na kufunga choo. Mwenye maradhi ya moyo amweleze daktari mapema. Kichefuchefu cha mawimbi ya ziwa hakitulizwi na dawa hii. Msafiri asiimalizie melini.