Na Yule Aliye Mzima

Mtoto mmoja apatwapo na saratani, macho ya nyumba nzima huelekea kitandani pake. Mama hulala hospitali, baba huhangaikia fedha. Nduguye aliye mzima huachwa kwa jirani, wala haulizwi neno. Hunyamaza, na moyoni hujiuliza: “Je, si mimi niliyemletea ugonjwa siku ile tulipogombana?”

Huko Marekani, mcheza sinema mashuhuri Paul Newman alifungua mwaka 1988, huko Ashford, Connecticut, kambi ya watoto wenye saratani na maradhi mengine mazito. Madaktari na wauguzi wapo karibu, na watoto huogelea, huvua samaki na kucheza, pasipo wazazi kutozwa hata senti. Ndugu zao nao wametengewa siku zao, wapate kukutana na wenzao waliobeba mzigo ule ule.

Si kila jamaa yaweza kufikia kambi ya namna hiyo, lakini fundisho lake twaweza kulipokea sote. Baba wa Mwana Mpotevu hakumkumbatia mdogo tu. Alitoka nje akamsihi na mkubwa. Wazazi wapenzi, fanyeni vivyo hivyo. Mwambieni mtoto kwamba saratani haiambukizi, wala si yeye aliyeileta. Mpelekeni amwone nduguye. Naye anao msalaba wake. Asiachwe auchukue peke yake.