Tundu Dogo Linalosoma Vidudu

Umekwisha kuona jipu kwa mutoto wako. Mara nyingi linaletwa na kidudu kiitwacho stafilokoki. Kidudu hicho kinatoa sumu, ni protini yenye tundu katikati. Inatoboa chembe za mwili kama sindano inavyotoboa nguo, nazo zinakufa.

Sasa sikia maajabu. Mwaka 1996 wataalamu wa Marekani walionyesha kazi nyingine ya protini ile ile. Waliiweka katika utando mwembamba, maji ya chumvi pande mbili, wakapitisha umeme. Uzi wa ADN ukapita ndani ya tundu, na umeme ukapungua. ADN ni maandiko yaliyo ndani ya mutoto na ndani ya kidudu pia, yenye herufi nne: A, C, G, T. Kama kila herufi ingepunguza umeme kwa namna yake, mashine ingeweza kusoma!

Lakini tundu la jipu ni refu mno, herufi nyingi zinakaa ndani pamoja na kuchanganyika. Walitafuta lingine kwa kidudu kilicho ndugu wa kile cha kifua kikuu. Hilo limefinyana mahali pamoja tu, kama shingo ya chupa. Kumbe, umeme wa ndani yake ulisukuma ADN nje. Mwaka 2008 walibadilisha vipande vya protini ile, uzi ukakubali kupita. Tena ulipita mbio sana. Mwaka 2012 walionyesha kwamba protini nyingine inaweza kuushika na kuupitisha polepole, kama mama anayeshona. Mimi ninayependa kushona, hiyo inanifurahisha kuliko yote.

Inakuhusu nini? Kuna kifua kikuu kinachoshinda dawa. Kuotesha kidudu katika labo ili kujua dawa gani imeshindwa kunaomba majuma mengi, na mutoto anazidi kukonda akimeza dawa isiyomusaidia. Kusoma ADN kunaweza kuleta jibu kwa siku chache. Mwaka 2024 OMS ilikubali njia hiyo, na mashine ya matundu ni mojawapo.

Sisi hapa hatuna mashine hiyo, makohozi yanatumwa mbali. Basi usiteme mate tu ndani ya kikopo! Kohoa toka ndani ya kifua, asubuhi, mbele ya kula, na ufunge kikopo vizuri. Mutoto mudogo hajui kutema. Mulete bila kumulisha. Muforomo atavuta maji kidogo ya tumbo kwa mupira mwembamba puani. Atalia, ndiyo, lakini ni kwa dakika chache.